Wagane Wawili na Gari la Saab

Mtu anayekaa kwenye Saab 900 kwa mara ya kwanza hupapasa. Anatafuta tundu la ufunguo pembeni ya usukani, hamna. Kwenye dashibodi, hamna. Kumbe liko chini, katikati ya viti viwili vya mbele, jirani na mkono wa gia. Na hata akishawasha akafika alikokuwa anakwenda, ufunguo hautoki mpaka aweke gia ya rivasi kwanza. Mwenye gari anamwangalia tu, anatabasamu. Ni gari linalojua nani mwenyeji na nani mgeni.

Naanza na tundu la ufunguo, ingawa hapa huwa tunaongea vitabu, kwa sababu ya hadithi mbili zilizoandikwa karibu wakati mmoja, mbali kabisa moja na nyingine. Ya kwanza ni riwaya ya Fredrik Backman, A Man Called Ove, iliyotoka Sweden mwaka 2012. Ya pili ni hadithi fupi ya Haruki Murakami, Drive My Car, iliyotoka Japani mwaka 2013, ambayo Ryusuke Hamaguchi aliifanya filamu ya takriban saa tatu mwaka 2021. Zote zina mwanamume aliyefiwa na mke. Zote zimemweka mgane huyo ndani ya Saab ya zamani. Na kampuni ya Saab ya magari, kule Trollhättan, ilifilisika Desemba 2011. (Nitasimulia miisho yote, kwa hiyo kama hujasoma wala kutazama, shauri yako.)

Saab ilianza kama kiwanda cha ndege mwaka 1937. Vita vilipokwisha mafundi wa ndege wakajaribu kuunda gari, na Saab 92 za kwanza zikatoka mwishoni mwa 1949, zote za rangi ya kijani. Gari lilikuwa na umbo la ajabu, kama tone la maji lililolazwa, na injini iliyotaka uchanganye oili na petroli, kama pikipiki za zamani au mashine ya kukatia magogo. Watu wa huku kwetu waliwahi kuliona likifanya maajabu: Erik Carlsson alishika nafasi ya pili katika East African Safari ya 1964 akiwa na Saab 96. Husimuliwa kwamba aliponasa kwenye tope alilibingirisha gari zima likapinduka na kutua pakavu, na waandishi wa habari walipobisha, akalibingirisha tena mbele yao. Kurt Vonnegut naye, kabla hajawa Vonnegut tunayemjua, alikuwa wakala wa Saab huko Cape Cod. Biashara ikamshinda, na uzeeni aliandika kwa utani kwamba pengine Waswidi walimnyima Nobel kwa jinsi alivyoyasema vibaya magari yao.

Kwa hiyo gari hili halikuwa geni kwa waandishi. Lakini Saab ya Vonnegut ni kichekesho. Saab ya Ove na ya Kafuku ni kitu kingine, na tofauti iko kwenye ile Desemba 2011.

Niseme ninachomaanisha kwa mfano wa nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa na Datsun pikapu, aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na sisi watoto tulilijua hilo. Datsun nayo ni jina lililoondolewa sokoni, miaka ya 1980. Lakini baba mdogo hakuwahi kulia msiba wowote. Alikwenda dukani akaomba spea ya Nissan, akarudi, akafunga, maisha yakaendelea. Jina lilikufa, mwili ukabaki. Saab ilizikwa. Mwenye Saab leo anaishi kwa akiba: kila gari linalokatwa spea linalisha mengine, na kila pasi ya bodi iliyopatikana ni moja iliyopungua duniani. Baada ya kufilisika, ghala la vipuri liliangukia mikononi mwa serikali ya Sweden, maana lilikuwa limewekwa dhamana ya mkopo. Fikiria serikali nzima imeachiwa boksi za taa na pampu za maji za marehemu.

Kuipenda Saab baada ya hapo ni kukataa mbadala, na mtu anayekataa mbadala ndiye mgane hasa. Watu watakuambia kuna magari mengine mazuri. Wanasema kweli, na kauli yao haikusaidii kitu.

Tuanze na Ove. Yeye ana miaka 59, mkali, anazunguka mtaa kila asubuhi akikagua nani kaegesha vibaya. Wasomaji wengi humcheka kwa sababu ya ushabiki wake wa Saab: mwanamume anayempima binadamu mwenzake kwa gari analoendesha! Backman anautumia utani huo mpaka unachosha kidogo. Ni mwandishi anayetia sukari nyingi kwenye chai, halafu anakuonjesha kuhakikisha umeisikia. Ila kuna sura moja ambayo ningeitoa mfano kwa mwanafunzi yeyote wa uandishi, nayo ni ile inayosimulia urafiki wa Ove na jirani yake Rune, mtu wa Volvo, kwa orodha ya magari tu. Miaka inapita, huyu ananunua Saab ile, yule ananunua Volvo hii. Halafu, baada ya ajali iliyomwacha Sonja, mke wa Ove, bila uwezo wa kutembea na bila mtoto, Ove ananunua Saab 95 ili kiti cha magurudumu kiingie nyuma. Mwaka huohuo Rune ananunua Volvo 245 ili kigari cha mtoto kiingie. Basi, mwandishi haongezi maelezo. Wanaume wawili hawana lugha ya kuambiana kilichotokea, na magari yao yanasema. Urafiki unapovunjika watu wanadhani ni kwa sababu Rune alinunua BMW. Msomaji anajua.

Ove huyohuyo anaposoma gazetini kwamba General Motors wamenunua hisa zilizobaki za Saab, anatukana, anaapa hatanunua tena gari jipya, na kwamba hatatia mguu kwenye gari la Kimarekani labda awe tayari ndani ya jeneza. Kumbuka kiapo hicho, maana Hollywood walikisahau. Mwaka 2022 walitengeneza A Man Called Otto, Tom Hanks akiwa mgane, hadithi ikahamishiwa Marekani. Saab wakaibadilisha. Wakaweka nini? Chevrolet. Gari la General Motors!

Nilicheka peke yangu. Halafu nikajiuliza kwa nini filamu ile, ambayo Hanks anaigiza vizuri tu, ilinipita bila kunigusa kama kitabu. Jibu langu ni hilohilo gari. Ushindani wa Chevrolet na Ford ni kama Simba na Yanga: una kelele, una raha, na msimu ujao upo. Otto anaweza kwenda kesho kununua Chevrolet mpya. Ove hawezi. Watengenezaji walidhani wanatafsiri utani wa mashabiki wa magari kwa Wamarekani, na kweli utani ulivuka salama. Msiba ndio uliobaki Sweden.

Murakami yuko kimya zaidi. Kafuku wake ni mwigizaji wa jukwaani, ana Saab 900 ya njano yenye paa la turubai la kukunja. Rangi aliichagua mkewe. Hadithi inaanza kwa Kafuku kutoa hukumu zake kuhusu wanawake wanaoendesha magari, kwamba ni ama wakali mno ama waoga mno, na hapo nilikaribia kufunga kitabu, maana wanawake wa Murakami wananichosha. Mara nyingi ni mafumbo yaliyowekwa pale ili mwanamume ayafumbue. Lakini Kafuku amepata tatizo la jicho, kuna sehemu haioni, na leseni imesimamishwa. Inabidi aajiri dereva, na dereva ni Misaki, msichana wa miaka ishirini na kitu, mvuta sigara, haongei. Anaendesha hivi kwamba Kafuku hasikii gia zikibadilishwa. Jicho lenye sehemu isiyoona, kwa mtu ambaye hakuona kilichokuwa kinaendelea ndani ya ndoa yake: ishara iko wazi kupita kiasi, sawa, nakubali. Ila namna kimya cha gari kinavyofungua mdomo wa mtu, hiyo ni kweli tupu. Nilikumbuka Shetani Msalabani ya Ngũgĩ, ile matatu ya Mwaura, Ford Model T chakavu, abiria wasiojuana wanavyoanza kumwaga yaliyo moyoni humo ndani. Gari linakukalisha ukitazama mbele. Huna haja ya kumtazama mtu machoni.

Hamaguchi alibadilisha mambo mawili. Njano ikawa nyekundu, paa la turubai likawa bati. Na zile kaseti ambazo Kafuku anajifunzia maneno ya Uncle Vanya, filamu imezitia sauti ya mkewe. Anaitwa Oto, na kwa Kijapani oto ni sauti. Mke amekufa, lakini kila siku anamsomea mumewe mistari ya Chekhov kwenye spika za gari ambalo kiwanda chake nacho hakipo, na anaacha nafasi ili mume ajibu. Hapo ndipo ninaposema filamu imeipita hadithi. Murakami alimpa mgane gari la kukumbukia. Hamaguchi alimpa gari linaloongea, na linalongoja ajibu.

Sasa rudi kwenye ufunguo. Watu wakizungumzia mapenzi ya magari ya zamani huzungumzia matengenezo: nani anajua kufunga gasketi, nani ana fundi mwaminifu. Hadithi hizi mbili zinajua kwamba mwenye gari hapimwi gereji. Anapimwa siku mtu mwingine anapoomba kuendesha. Kafuku anasitasita mno kumpa Misaki ufunguo. Kwenye filamu anasimama nje ya gari kama mtu aliyeombwa amkabidhi mgonjwa wake kwa daktari asiyemjua. Ove anamfundisha Parvaneh, jirani yake mwenye asili ya Iran, kuendesha ndani ya Saab yake mwenyewe, na gari linapozima barabarani na mtu wa nyuma anapiga honi, Ove anashuka kumfokea mpiga honi, si Parvaneh. Huyu ni mtu aliyekuwa amepanga kujiua, na mojawapo ya majaribio yake aliyafanya ndani ya Saab hiyohiyo. Backman hakuhitaji kueleza kilichobadilika, na kwa bahati nzuri mara hiyo hakueleza.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba nasoma mno kwenye bati. Murakami hapigi tarumbeta ya msiba wa kampuni, huenda alitaka gari la ajabu kidogo la mtu wa sanaa, basi. Sawa. Lakini msomaji wa 2013 na mtazamaji wa 2021 wanaliona gari hilo wakijua haliundwi tena, na maana haimngoji mwandishi airuhusu. Wenye Saab wenyewe wanalijua hili. Januari 2010, kampuni ikiwa mahututi, waliendesha misafara katika miji ya nchi nyingi kuiombea maisha, na iliponunuliwa na Spyker walidhani wameiokoa. Ilichukua chini ya miaka miwili.

Ove anapokufa, kwenye barua yake Saab anamwachia Adrian, kijana wa mtaani. Kwenye filamu ya Hamaguchi hatuambiwi chochote. Tunamwona tu Misaki yuko Korea, anatoka dukani na vitu vyake, anaingia kwenye Saab nyekundu, ndani kuna mbwa. Kafuku hayupo. Muda wote wa filamu gari hilo lilikuwa na usukani kushoto kwenye nchi inayoendesha kushoto kama yetu, dereva kakaa upande wa mtaro. Korea wanaendesha kulia. Misaki anawasha, anaingia barabarani, na kwa mara ya kwanza usukani uko upande wake.