Fundi Anayeiga Hata Kasoro

Tomohiro Nishikado alipokuwa akitengeneza Space Invaders huko Japani, mchezo uliotoka mwaka 1978, aliona jambo ambalo hakulipanga: wavamizi walizidi kwenda mbio kadiri walivyopungua. Prosesa ya mashine ile, Intel 8080, ilikuwa na wavamizi 55 wa kuwachora upya mmoja mmoja. Wakiuawa, kazi inapungua na waliobaki wanapata zamu haraka. Nishikado akaiacha hali ile ilivyo. Yule mvamizi wa mwisho anayekimbia huku na huko mpaka vidole vinatetemeka ni zao la chipu iliyoelemewa.

Kompyuta iliyo mezani kwako haielemewi na wavamizi 55. Ukiiachia iendeshe mchezo ule kwa nguvu zake zote, utakuwa umekwisha kabla hujagusa kibodi. Ndiyo maana nawavulia kofia watunzi wa emuleta. Kazi yao ni kuifanya mashine yenye nguvu ijifanye mashine nyingine, dhaifu, ambayo kiwanda kilishaacha kuiunda zamani, na ijifanye barabara kiasi kwamba mchezo wenyewe hautambui kuwa umehamishwa nyumba.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, wengi wetu Famicom halisi ya Nintendo ya mwaka 1983 hatukuwahi kuigusa. Tuliwajua ndugu zake feki: vidude vyepesi vya plastiki vya kuchomeka kwenye TV, na kaseti iliyojigamba kuwa na gemu maelfu, kumbe ni zile zile chache zikijirudia kwa majina tofauti. Ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. (Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, si pumzi. Nenda kamwambie mtoto.) Kwa hiyo emuleta ilipofunguka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani na muziki wa Contra ukaanza, nilitarajia utamu wa kukumbuka tu. Kilichonishika ni kingine. Maadui na risasi walipojaa kwenye mstari mmoja, picha zikaanza kupepesa, vilevile kama zamani. Utotoni lawama ile ilikuwa ya TV. Kumbe chipu ya picha ya Famicom haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8 vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, mchezo huvipa zamu, hiki kionekane sasa, kile baadaye. Emuleta nyingi zinakupa mahali pa kuuondoa upungufu huo. Mimi sipagusi.

Ndani ya emuleta kazi ni ya subira. Programu inasoma agizo moja la kaseti, inalitekeleza, inahesabu limekula mizunguko mingapi ya prosesa, kisha inaisogeza chipu ya picha nukta 3 kwa kila mzunguko, inashughulikia sauti, inarudi kwenye agizo linalofuata. Fremu moja inakula mizunguko kama 29,780, na fremu ni 60 kwa sekunde. Kwenye mashine halisi sehemu hizo zilikwenda pamoja. Hapa prosesa moja inazibeba zote, kama mpiga ngoma anayeshika zamu za wenzake wawili bila kuuvunja mdundo. Katika Super Mario Bros., fundi asipoiga sawasawa ile ishara inayotenganisha ubao wa alama na uwanja wa mchezo, gemu inaganda.

Aliyeupeleka uaminifu huu mbali sana ni mtunzi wa bsnes, emuleta ya Super Nintendo, aliyejulikana kwa jina la byuu. Prosesa ya mashine hiyo haikuzidi MHz 3.58. Mwaka 2011 byuu aliandika kwamba usahihi anaoutaka unadai kompyuta ya GHz 3, yaani zaidi ya mara 800. Mojawapo ya mifano yake ilikuwa kivuli: katika Air Strike Patrol ndege yako ina kivuli chini yake, kinachopatikana kwa kubadilisha mwangaza katikati ya mstari unaochorwa. Emuleta zilizochora mstari mzima kwa mkupuo hazikukionyesha. Umeme wote ule kwa ajili ya kivuli! Naona alikuwa sahihi, maana mchezaji hukitumia kivuli hicho kulengea.

Kuhusu sheria, nitapita haraka. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, mahakama ya rufaa ya Marekani iliona kuwa kunakili programu ya mashine ili kuichambua na kutengeneza emuleta ni matumizi halali. Kunakili gemu za wenyewe ni jambo jingine, na hapo sina utetezi.

Mwenye kompyuta kuukuu asiogope. Kuna emuleta za Famicom zinazoendeshwa hata na mashine za miaka ya 1990. MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997 kwa ajili ya mashine za kumbi za michezo, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Na kama unajua kuandika programu kidogo, usiishie kucheza. Andika emuleta ya CHIP-8, mashine sahili ya kubuni. Ina maagizo 35 tu.