Maoni ya Watazamaji na Wasomaji Vijijini: Funzo kwa Makada

Wako makada wanaoamini kwamba uhakiki wa sanaa ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu, na kwamba mwananchi wa kawaida hana la kusema juu ya filamu au kitabu, ila kwamba kimemfurahisha au hakikumfurahisha. Imani hiyo si sahihi. Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, wananchi wanayo mizani yao ya kuhakiki. Pili, mizani hiyo hubadilika kufuatana na aina ya kazi inayopimwa. Tatu, kada asiyeijua mizani hiyo atashindwa kazi yake, na ziko sehemu za nchi yetu ambako kushindwa huko hugharimu roho za watu. Mfano wetu ni Didia, katika Wilaya ya Shinyanga, pamoja na ukanda wote unaopita Kahama mpaka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita.

ASILI YA DHARAU

Dharau kwa mtazamaji wa kijijini haikuanza na sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 wakoloni waliendesha jaribio la sinema la kuwafundisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, Usambara. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yao yote. Wakuu wa kazi hiyo walishika nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Kwa hiyo atengenezewe filamu ya polepole, yenye jambo moja tu, na mwisho aambiwe la kufanya.

Nchi ilipojitawala tuliwaondoa wakoloni, lakini nadharia yao haikuondoka yote. Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, na miaka ya 1970 likatoa filamu kama Fimbo ya Mnyonge, ya kuhimiza maisha ya vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema, na lazima isifiwe. Lakini baadhi yetu tuliendelea kudhani kwamba sanaa ni kijiko cha dawa: mwananchi afumbue kinywa, ameze funzo, arudi shambani. Hatukumwuliza ameonaje.

Laiti tungeuliza Usukumani, tungejibiwa vizuri. Huko, tangu kabla ya Uhuru, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno. Vikundi hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu: akichoshwa na wimbo, huhamia upande wa pili, na manju anamwona akienda. Watu waliolelewa katika baraza la namna hiyo hawawezi kuitwa wasiojua kuhakiki.

MIZANI MBALIMBALI

Watu hao hao, na watoto wao, ndio waliokaa kwenye mabenchi ya mabanda ya video tangu mikanda ilipoenea. Tuangalie wanavyopima.

Katika picha za vita na ngumi, mtazamaji haulizi kama jambo linawezekana. Anajua fika kwamba mtu mmoja hapigi jeshi zima. Anachodai ni haki: stelingi aonewe kwanza, adui awe na nguvu kweli kweli, na mwisho deni lilipwe. Stelingi akifa, kelele zinazozuka bandani ni hoja ya maadili: kwa nini mwonevu abaki? Zaidi ya hayo, lugha ya kigeni haikuwazuia. Walitokea watafsiri kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, ambao waliisimulia picha nzima kwa Kiswahili, wakaongeza mizaha na mafumbo ya kwetu, na kanda zao zikapendwa kuliko zile zisizotafsiriwa. Hapo mtazamaji aliichukua kazi ya mgeni akaifanya yake.

Katika picha za Kihindi mizani ni nyingine. Zinachukua saa tatu na nyimbo nyingi, wala hakuna anayelalamika. Hapo panapimwa machozi: mama na mwana waliopotezana, maskini aliyedharauliwa na ukoo wa tajiri. Mkulima wa pamba anayesubiri malipo yake hahitaji tafsiri ya jambo hilo.

Lakini ikifika zamu ya filamu za nyumbani, mtazamaji huyo huyo hugeuka mkali. Sasa anadai ukweli. Anauliza mbona kila nyumba ina makochi na kila kijana ana gari. Mbona hakuna anayelima, anayechunga wala anayeshuka shimoni. Anauliza mbona kisa cha saa moja kimekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili anunue mara mbili. Hayo ni malalamiko ya mlaji anayenyonywa, na ni uhakiki halali. Hata marehemu Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Aprili 2012, ambaye mkoa wake ulijivunia sana, hakusamehewa maswali hayo na waliompenda.

Kwa upande wa vitabu hali ni hiyo hiyo. Kanda ya Ziwa ilikuwa shamba la majaribio ya elimu ya watu wazima yenye manufaa tangu mwaka 1968, na maelfu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba na ufugaji. Baada ya kujua kusoma walitaka kusoma zaidi. Waliposhika riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, walizipitisha mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Wako wahakiki waliozidharau kuwa ni vitabu vya kupitisha wakati. Lakini Willy Gamba wa Musiba alikuwa akipambana na majasusi wa makaburu, na vijana wengi walipata habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika humo kuliko katika vijitabu vyetu. Sababu ni kwamba Musiba hakumdharau msomaji wake.

Msomaji huyo huyo hupima Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, kwa kipimo kingine. Kisa chake kinaanzia Ukerewe, na kwa muda kilizuiwa shuleni. Hapo msomaji haulizi nani atashinda. Anauliza kosa ni la nani: la binti, la baba mkali, au la jamii iliyomlea. Kila aina ya kazi ina mizani yake, na aliyepimisha dhahabu kwa mizani ya pamba hawezi kuwalaumu wanunuzi.

PALE MAONI YANAPOUA

Sasa tufike kwenye jambo zito. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilienea filamu za mizimu na uchawi, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, pamoja na zile za Nijeria. Dar es Salaam mtazamaji anaweza kuogopa, akacheka, akaenda kulala. Katika ukanda tunaouzungumzia, maoni yanayosikika zaidi juu ya picha hizo ni kwamba mambo hayo yapo, ni ya kweli.

Hapo pana hatari. Huu ni ukanda ambako vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi katika miaka mingi ya kupikia wengine. Ni ukanda ambako watu wenye ualbino waliwindwa, hasa kuanzia mwaka 2007, na wapiga ramli waliowaahidi wenye tamaa bahati ya dhahabu na ya samaki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiwa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino.

Kada wa haraka atasema: zipigwe marufuku. Sheria hazikukosekana. Ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, na ya filamu na michezo ya kuigiza tangu 1976. Wapiga ramli walikatazwa mwaka 2009, wakakatazwa tena 2015. Na jambo linalokatazwa mara mbili halikuondoka kwa katazo la kwanza. Wauaji lazima washtakiwe, hilo halina mjadala. Lakini fikra haikamatwi na polisi.

Tusikilize kwa makini. Kiini cha picha nyingi za namna hiyo ni tajiri aliyepata mali kwa masharti ya majini au kwa kafara ya ndugu. Swali linalomshika mtazamaji ni hili: huyu ametajirikaje? Swali hilo ni sahihi kabisa. Ni swali la kitabaka. Mchimbaji anamwona mwenzake wa shimo la jirani akitoka na dhahabu, naye akitoka na vumbi. Mkulima anauona utajiri ambao hakuuona ukifanyiwa kazi. Wanataka maelezo. Filamu inawapa jibu: ni uchawi. Kosa liko kwenye jibu, wala haliko kwenye swali. Na sisi tusipokuwapo na jibu la bei, la leseni, la mtaji na la dalali, mpiga ramli atakuwapo na la kwake, na atalipwa.

Wala si lazima filamu inayogusa mambo ya jadi ipotoshe. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inamweleza mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga kwa yaliyompata utotoni. Haikumcheka mganga wala haikumtukuza. Ilichunguza hofu yenyewe inatoka wapi. Hiyo ndiyo njia.

KAZI ILIYOPO

Basi, kazi ya kada ni hii. Kwanza, akae na watu wanapotazama, asikilize kabla ya kusema. Pili, picha inapokwisha aanzishe mjadala pale pale, kwa mizani yao, wala asilete hotuba aliyoiandika ofisini. Wanapouliza katajirikaje, ndipo aseme. Wanapomzomea bibi kizee katika picha, awaulize ni nani kijijini mwao mwenye macho kama yale, na amewapikia wangapi. Tatu, maktaba za shule na za kata ziwe na riwaya zinazosomeka, ili kijana apate visa vingine vya kulinganisha na kile alichokiona bandani.

Mwananchi wa Didia anahakiki kila jioni, tuwepo tusiwepo. Asubuhi, bibi yule mwenye macho mekundu atapita njia ile ile kwenda kutafuta kuni.