Lita ya Mlima na Lita ya Upepo: Mark X Inavyokula Mafuta Kati ya Nyeri na Nairobi

Uliza katika kituo chochote cha mafuta mjini Nyeri: Mark X inakula kiasi gani? Mmoja atakuambia kilomita 7 kwa lita, mwingine ataapa kwamba lake hufika 13. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Kinachotofautiana ni barabara, na mguu unaokanyaga mafuta.

Tuanze na gari lenyewe. Toyota iliunda Mark X kuanzia Novemba 2004 hadi Desemba 2019, ikipokea kijiti kutoka kwa Mark II. Nyingi tunazoziona kuanzia Karatina hadi Nanyuki ni za lita 2.5, zenye silinda 6. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Tone linapogeuka mvuke humo ndani, hupoza hewa. Hewa iliyopoa hustahimili kubanwa zaidi, na wahandisi wakaweza kuibana mara 12 bila injini kugonga. Kadiri unavyobana ndivyo unavyovuna kazi nyingi zaidi kutoka tone lile lile.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Toleo la kwanza lilitoa nguvu za farasi 215 na lilitaka petroli ya oktani ya juu ya Japani. Toleo la pili, la kuanzia 2009, injini yake ya lita 2.5 ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida ya huko, na nguvu zikashuka hadi 203. Kwa hiyo anayelijaza toleo hilo la pili super ya kawaida ya vituo vyetu hana haja ya kusikitikia zile nguvu 12 za farasi. Toleo la kwanza likinyweshwa mafuta hafifu kuliko linavyotaka, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na cheche iliyochelewa ni mafuta yaliyopotea. Mwinuko wetu unasaidia kidogo: hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, silinda hazijai sana, na hatari ya kugonga hupungua.

Sasa barabara. Watu husema "tunateremka Nairobi", lakini tazama mwinuko. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari. Sagana iko karibu 1,200. Nairobi inarudi juu hadi karibu 1,700. Safari hii ya takriban kilomita 150 ni bakuli: unashuka ukingo mmoja, unavuka mto chini, unapanda ukingo wa pili. Ukienda au ukirudi, lazima upande.

Kupanda kunagharimu kiasi gani? Gari tupu lina karibu kilo 1,500. Pakia watu wanne na gunia la waru, utakaribia 1,850. Kuinua uzito huo kwa mita 550, kutoka Sagana hadi Nyeri, kunahitaji karibu megajuli 10 za nishati. Lita moja ya petroli ina karibu megajuli 32, lakini injini ikifanya kazi vizuri hufikisha kwenye magurudumu kama asilimia 30 tu, yaani karibu megajuli 10 hizo hizo. Mlima, basi, unadai lita moja, juu ya yale mafuta ambayo ungetumia kwenye tambarare.

Lita hiyo hujaipoteza. Umeiweka akiba kwenye uzito wa gari, na siku ya kushuka unaweza kuidai. Hapo ndipo madereva wengi wanapokosea, na kosa lenyewe tumelirithi.

Wazee waliojifunza udereva kwenye Peugeot 504, gari lililotawala barabara hizi kwa miaka mingi, walikuwa wakifika kilele cha mteremko wanatoa gia na kuliacha gari liteleze. Kwenye injini ya kabureta mantiki ilikuwepo. Ukishuka ukiwa ndani ya gia, injini inazungushwa kwa kasi na inaendelea kunyonya petroli kupitia tundu la sailensa, lile linaloilisha injini isiyokanyagwa mafuta; ukitoa gia, inazunguka polepole na kunyonya kidogo. Breki zilibeba mzigo wote, na hilo ni hatari kubwa, lakini mafuta yaliokolewa.

Injini ya injekta imegeuza hesabu hiyo. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye D, kompyuta inaona magurudumu yanaizungusha injini yenyewe, na inafunga injekta kabisa. Hakuna tone linaloingia mpaka mzunguko ukaribie ule wa gari lililosimama. Ukitoa gia, injini haina tena wa kuizungusha, na lazima ichome mafuta ili isizime. Yule anayeteremka Kibirigwi kuelekea Sagana akiwa ametoa gia anadhani anaokoa, kumbe anachoma petroli ambayo jirani yake aliye kwenye D haichomi, na juu ya hayo ameipoteza breki ya injini.

Mwangalie dereva wa namna hiyo akifika chini. Anasimama Sagana kununua samaki, na kabla hajafungua mlango unasikia harufu kali ya breki zilizochemka. Harufu hiyo ni ile lita ya mlima. Aliinunua, akaipandisha hadi Nyeri, kisha akaigeuza joto kwenye diski zake.

Mlima basi hukopa na kulipa. Upepo haulipi kamwe. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, kasi imeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi, lakini kizuizi cha hewa kimekaribia kuwa maradufu. Chukua barabara ya njia mbili kati ya Kenol na Marua, kilomita 84. Kwa hesabu yangu, sedani ya ukubwa huu ikienda 110 badala ya 80 itakula zaidi ya lita moja ya ziada kwenye kipande hicho peke yake. Muda unaookolewa ni dakika 17. Kuna siku dakika 17 zinastahili bei hiyo. Siku nyingine zote ni vizuri mtu ajue anachonunua. John Michuki, mwana wa Murang'a aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alipozifungia matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 mwaka 2004, lengo lake lilikuwa uhai wa abiria. Tangi nalo lilifaidika.

Kinachobaki ni mji. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umefunika Nyeri, injini baridi hupewa petroli nyingi mpaka ipate joto. Anayemshusha mtoto shuleni Kamakwa na kurudi nyumbani hajawahi kuiendesha ikiwa moto. Ndiye mwenye kilomita 7 kwa lita, na hana ugonjwa wa injini. Kwa safari hizo, kuziunganisha mbili ziwe moja kutamsaidia kuliko plagi mpya.

Kabla ya kumwita fundi, pima. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze. Andika kilomita. Nenda Nairobi na urudi, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile, ikate yenyewe tena. Gawanya kilomita kwa lita. Lazima urudi ulikoanzia, maana kipimo cha njia moja hudanganya: anayeshuka na Mark X kutoka Nairobi hadi Mombasa amekopeshwa na nyanda za juu karibu lita 3, na atazilipa akirudi.

EPRA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na hiyo huwezi kuigusa. Unachoweza kugusa kiko chini ya mguu wako wa kulia. Safari ijayo, ukiipita Karatina na barabara ikaanza kuinama kuelekea Sagana, acha gia kwenye D na uondoe mguu kwenye mafuta mapema, kabla ya kuhitaji breki. Mlima uko tayari kukulipa.