Umbo Lisilokuwapo

Kata karatasi iwe mraba. Ikunje miraba mingine ndani yake, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia, mkunjo huu ukiinuka kama mlima, unaofuata ukizama kama bonde. Kunja na mistari ya pembe kwa pembe. Sasa ibane yote pamoja, kisha legeza vidole. Haitalala tena. Pembe mbili zitapanda, mbili zitashuka, nawe utakuwa umeshika tandiko la farasi ambalo hukulichonga.

Mchongaji hupunguza, mfinyanzi huongeza. Mkunjaji hafanyi lolote kati ya hayo. Karatasi ni ileile, eneo ni lilelile. Ndiyo maana Josef Albers, akifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Dessau, Ujerumani, miaka ya 1920, aliwapa wanafunzi wake karatasi na kuwataka watafute umbo pasipo kutupa hata kipande. Mikunjo ya namna hii ilipitia darasani mwake.

Vizazi vya wakunjaji vililitengeneza tandiko hilo bila shaka yoyote. Kisha mwanahisabati Erik Demaine wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, baba yake Martin, ambaye ni msanii, pamoja na wenzao, wakathibitisha mwaka 2009 kwamba haliwezekani! Hoja yao inaeleweka hata na asiyependa hesabu: kipande cha karatasi kilichozungukwa na mikunjo iliyonyooka, kama hakivutiki wala hakina mkunjo mwingine, lazima kibaki bapa. Vipande vya tandiko letu vimejipinda. Basi karatasi inatudanganya. Inavutika kidogo, au inajitia vikunjo vidogo mno ambavyo jicho halivioni.

Mimi nauhesabu uthibitisho huo kuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo hisabati imewahi kuupa ufundi huu. Haukuuvunja, kwani waandishi walewale walionyesha kuwa ukigawa vipande hivyo kwa mikunjo ya ziada, umbo linapatikana kihalali kabisa. Vidole vilifika kwanza, hesabu ikaja nyuma kukagua njia.

Hoja hiyo, hata hivyo, haigusi mikunjo ya mviringo, kwa kuwa ukanda ulio kati ya mikunjo iliyopinda unaruhusiwa kupinda nao. Huko ndiko baba na mwana walikoelekea na sanamu zao, miduara ya karatasi iliyokunjwa, mingine ikiunganishwa na kusokotana. Baadhi zimehifadhiwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York.