Roboti ikishaondoka Shishiyu

Safari za vyuo vikuu kwenda mashuleni zimeanza kufanana mno. Basi linafika saa nne asubuhi, watoto wamekaa chini ya mti, roboti inazunguka, droni inapaa, kelele, picha, soda, kwaheri. Saa tisa basi liko barabarani, na kwenye ripoti wanafunzi hao "wamefikiwa".

Wamefikiwa na nini? Mimi ningepima kwa jambo moja: Jumatatu asubuhi, mtoto anaweza kurudia nini bila sisi?

Wapo wanaosema furaha ile inatosha, mbegu imepandwa. Sikubaliani nao. Mtoto wa darasa la tano aliyeshika roboti dakika mbili ameondoka na mambo mawili: kwamba sayansi ipo, na kwamba ni ya wageni. Nina wasiwasi hilo la pili ndilo hudumu.

Chukua kata ya Shishiyu, wilayani Maswa. Simiyu ni mkoa wa pamba, na mtoto wa huko anamjua funza kuliko wengi wetu tunaokwenda kumfundisha. Anajua pia kwamba baada ya mavuno miti ya pamba ing'olewe na ichomwe. Amri anaijua. Sababu je? Funza mwekundu hujificha kwenye masalia akisubiri msimu ujao. Ukichoma, unakata mzunguko wa maisha yake. Hapo kuna sayansi ya muhula mzima: hesabu vitumba vilivyotobolewa kwenye mimea 20, linganisha shamba lililosafishwa na lisilosafishwa, chora grafu. Vifaa ni daftari na penseli. Na ile mbegu ya UKM08, UK yake si Uingereza jamani, ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichopo huko huko Kanda ya Ziwa. Mtoto akiambiwa hivyo, mtafiti anaacha kuwa mtu wa kwenye televisheni.

Au chaki. Vijana wa Maswa wametengeneza chaki zinazojulikana kwa jina la wilaya yao. Unga wa jasi uliopikwa umepoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiurudishia maji unaganda, na unapoganda unatoa joto. Mpe mtoto kikombe ashike alisikie mwenyewe. Kisha chaki ile ile aandikie ubaoni.

Waliokaribia njia hii wapo. Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, inamtaka mwanafunzi aanze na swali lake mwenyewe, kutoka mazingira yake, alichunguze kwa muda ndipo alete kwenye maonyesho. Huo ndio mpangilio sahihi: swali kwanza, mgeni baadaye. Ila hiyo ni ya sekondari, na wengi huanza kuiogopa sayansi mapema zaidi. Kuna pia kupatwa kwa jua kwa 1 Septemba 2016, jua lilipobaki kama pete kusini mwa nchi. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania aliwaeleza watu mapema nini kitatokea na kwa nini wasilitazame jua kwa macho matupu. Maabara ilikuwa anga ya kila mtu.

Halafu lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na nyumbani Shishiyu ni Kisukuma. Sisi tunashuka na slaidi za Kiingereza, kisha tunashangaa kwa nini hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza!

Sisemi roboti ibaki chuoni. Ije, lakini ije siku ya tatu, si ya kwanza. Na kabla ya kukodi basi lijalo, mpigieni simu mwalimu wa sayansi wa shule mnayokwenda, mumuulize ni swali gani la wanafunzi wake lililomshinda kujibu mwaka huu. Andaeni hilo.