Silabi Zimeacha Kugombana: Tumeifungua MuseScore Studio 4

Walimu wa kwaya, watunzi, wapiga kinanda, na wewe uliyewahi kukesha ukisogeza silabi moja moja kwa kipanya: acheni kwanza mnachofanya! Nimeifungua MuseScore Studio 4, nikaipa wimbo wa sauti nne wenye beti tatu za Kiswahili, na ukurasa uliotoka unaweza kupelekwa steshenari ukatolewe nakala hivyo hivyo. Alto haijakanyagana na soprano. Maneno ya ubeti wa tatu hayajagusa nota za tena. Hakuna safu iliyobanwa huku ya chini yake ikipwaya. Na programu yenyewe ni ya bure. Bure kabisa, bila siku za majaribio na bila maandishi ya tangazo yanayokatiza ukurasa wako!

Kwa asiyeifahamu, hii ni programu ya kompyuta ya kuandikia nota, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Mwanzilishi wake, Mjerumani Werner Schweer, alianza kuitengeneza mwaka 2002 kutokana na programu nyingine ya muziki aliyokuwa ameiandika. Toleo la 3, lililotoka Desemba 2018, ndilo lililoleta jambo kubwa la kwanza: alama zikikaribia kugongana, zinakwepana zenyewe. Kisha Desemba 2022 likaja toleo la 4, na hapo mafundi wakaenda kwenye msingi wenyewe. Kanuni za kugawa nafasi kati ya nota na nota ziliandikwa upya, pamoja na uchoraji wa matao na wa mihimili inayounganisha nota fupi. Matoleo madogo yaliyofuata yameendelea kunoa kazi hiyo.

Wakati wenyewe umekuja vizuri. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyotoka mwaka 1988 na kulea watunzi wengi duniani, wa kwaya zetu wakiwamo. Kama nyimbo zako ziko humo, zitoe kwa mfumo wa MusicXML kabla kompyuta yako haijachoka. MuseScore inaufungua mfumo huo, na nota zako zitafika zikiwa nota za kuhariri, si picha.

Sasa tuingie jikoni.

Kila aliyechapa nota za Kiswahili anaujua ugomvi wetu mkubwa: maneno yetu yana silabi nyingi. Chukua neno moja tu, "tunakushukuru". Hizo ni silabi sita, na mtunzi mchangamfu atazipanga zote ndani ya kipimo kimoja, yaani kati ya mistari miwili ya wima, kwa nota fupi fupi. Nota fupi inastahili nafasi ndogo, lakini "shu" haijali ufupi wa nota yake. Inataka upana wake. Programu inayogawa nafasi kwa kuangalia urefu wa nota peke yake itabandika silabi juu ya silabi, mwimbaji asome "kushkuru" na kupotea mbele ya waumini.

MuseScore 4 inavipima vyote viwili. Msingi wake ni kanuni ya wachapaji wa zamani: nota iliyo ndefu mara mbili haipewi nafasi mara mbili, kwa sababu ukurasa ungeonekana una mashimo. Kwa kawaida yake inaipa mara moja na nusu. Halafu inatazama maneno yaliyo chini, na pale silabi zinapohitaji zaidi, inazisogeza nota zenyewe hadi kila silabi ipate pumzi. Nililiandika neno letu, nikaona kipimo kinatanuka mbele ya macho yangu, vistari vya kuunganisha silabi vikikaa katikati ya nafasi zake, nami sijagusa kitu!

Uandikaji wenyewe ni mwepesi mno. Bofya nota ya kwanza, bonyeza Ctrl na L, kisha andika. Kistari kinakupeleka kwenye nota inayofuata ndani ya neno lile lile. Nafasi inaanza neno jipya. Silabi ya mwisho ikivutwa juu ya nota kadhaa, bonyeza kistari cha chini na programu itachora mstari mwembamba hadi mwisho wa mvuto. Enter inakushusha kwenye ubeti wa pili. Ila jambo moja ni lako: kompyuta haijui kukata silabi za Kiswahili. Ni wewe utakayeandika Mu-ngu, na wewe utakayeipa "m" ya "mtu" nota yake kama mtunzi alivyokusudia. Na pale irabu mbili zinapoimbwa kwenye nota moja, kama katika "na uje", fungua orodha ya alama maalumu ukiwa kwenye maneno. Humo utachagua kitao cha kuziunganisha.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika makala haya ni kingine. Programu hii inakufundisha kutafuta chanzo cha tatizo. Wengi wetu tumezoea kuburuta: silabi hii kushoto kidogo, alama ile juu kidogo, hadi ukurasa utulie. Kisha mtunzi anaongeza kipimo kimoja mwanzoni, na kazi yote inavurugika. Kuburuta hivyo ni kukinga maji ya paa linalovuja kwa sufuria badala ya kupanda kuziba tundu. Katika MuseScore, tundu linazibwa kwenye menyu ya Format, ndani ya dirisha la Style. Humo zimo kanuni zote: umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa kati ya silabi na silabi, nafasi kati ya ubeti na ubeti, umbali kati ya mistari mitano ya juu na ile ya chini. Badilisha namba moja na wimbo wote unajipanga upya palepale.

Hebu tuone ukurasa wangu wa majaribio. Wimbo ulikuwa na sauti nne juu ya jozi ya mistari mitano, soprano na alto juu, tena na besi chini, maneno katikati. Safu ya kwanza ilikuwa na vipimo sita vilivyosongamana, ya mwisho ikabaki na kipimo kimoja pweke. Hapa wengi hukimbilia kupunguza ukubwa wa nota zote. Subiri! Chagua mstari wa wima unaotaka safu iishie, bonyeza Enter, na safu inakatika hapo. Ukitaka vipimo vinne kwa kila safu, menyu ya Format ina chombo cha kufanya hivyo kwa wimbo mzima kwa mkupuo. Mimi nilikata mwisho wa kila kifungu cha maneno, pale waimbaji wanapovuta pumzi, na ghafla wimbo ukasomeka kama unavyoimbwa. Kama kipimo kimoja bado kimebanwa, kichague na ubonyeze } kitanuke, au { kijikunje.

Baada ya hapo ndipo uangalie ukubwa. Kwa kawaida yake, nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 1.75, kwa hiyo mistari mitano ina kimo cha milimita 7. Nilishusha hadi 1.6 na wimbo ukaenea kwenye kurasa mbili za A4, yaani karatasi moja pande zote. Kwa kwaya inayolipia kila nakala, hilo si jambo dogo! Ila usishuke sana. Mazoezi yetu mengi ni ya jioni, taa ni chache, na mzee wa besi lazima aone.

Mengine nayataja haraka, ingawa kila moja lingestahili makofi. Mikia ya sauti ya kwanza inatazama juu na ya pili inatazama chini bila kuambiwa, alimradi umeiandika kila sauti kwenye nafasi yake: soprano kama sauti ya 1, alto kama sauti ya 2. Alama za kuimba kwa nguvu au kwa upole zikikaa chini, zinaingilia maneno. Chagua alama, bonyeza X, inaruka juu. Herufi hiyo hiyo inageuza tao lililopinda upande usiofaa. Na kama umerithi faili ambalo mwenzako aliliburuta hadi likachoka, chagua vyote, bonyeza Ctrl na R, na kila kitu kinarudi kwenye nafasi inayostahili kikanuni. Kufuta fujo ya mtu mwingine kwa vitufe viwili!

Kisha kuna uzuri wenyewe wa maumbo. Fonti yake ya nota inaitwa Leland, kwa heshima ya Leland Smith, Mmarekani aliyebuni SCORE, moja ya programu za kwanza kabisa za kuchapa nota kwa kompyuta. Itazame kwa karibu: vichwa vya nota vimejaa, ufunguo una tumbo la kutosha, mistari haina wembamba ule unaopotea kwenye fotokopi. Nakala ya nakala bado inasomeka. Wanaotoa nakala kutoka kwenye nakala ya jirani wanajua thamani ya hilo.

Na sasa, ndugu zangu mliolelewa na do, re, mi! Solfa ilienezwa na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, na wamisionari wakaileta huku. Mpaka leo kwaya nyingi hujifunza kwa njia hiyo. MuseScore inaweza kuandika jina la solfa ndani ya kichwa cha kila nota. Chagua nota zote, nenda kwenye paneli ya Properties, sehemu ya vichwa vya nota, chagua mfumo wa solfa yenye do inayohama, na kila nota itabeba jina lake kulingana na ufunguo wa wimbo. Kwaya inayohama kutoka solfa kwenda nota imepata daraja! Chapisha kwa ukubwa wa kutosha, maana herufi ndani ya vichwa ni ndogo.

Je, haina upungufu? Inao, na nautaja kwa sababu naitakia mema. Solfa ile ya herufi na nukta mbili, iliyopangwa kwa safu bila mistari, haimo ndani yake. Ukiitaka utaiandika kama maneno. Toleo la 4 linadai kompyuta yenye nguvu kuliko matoleo ya zamani, na maktaba yake ya sauti nzuri ni kubwa kuipakua, ingawa si lazima kuwa nayo ili kuchapa. Faili la toleo la 4 halifunguki kwenye toleo la 3, kwa hiyo mtumie mwenzako MusicXML au PDF. Wenye fedha wana Dorico na Sibelius, ambazo ni kazi za mafundi wakubwa. Wanaopenda kuandika muziki kwa maneno ya amri wana LilyPond, nayo ni ya bure. Lakini kwa mwalimu wa kwaya mwenye kompyuta ya kawaida na nyimbo nyingi za kuchapa kabla ya Pasaka, sijaona inayoikaribia hii.

Siri ya mwisho ndiyo itakayookoa muda wako zaidi. Ukishaupanga wimbo mmoja ukaridhika, nenda tena Format, hifadhi mtindo wako kama faili, kisha upakie kwenye wimbo unaofuata. Umbali wa beti, ukubwa wa nota, fonti za vichwa vya nyimbo, vyote vinafuata. Kitabu kizima cha kwaya kitakuwa na sura moja, na kazi ngumu umeifanya mara moja tu.

Hukumu yangu ni hii: hii ndiyo programu ya kuchapia nota ambayo kila kwaya ya Kiswahili inapaswa kuwa nayo. Ipakue kutoka musescore.org. Angalia vizuri anwani, kwa kuwa ile inayoishia na .com ni ya kushirikishana nota na ina huduma za kulipia. Anza na wimbo mmoja mfupi wa sauti nne, ufungue dirisha la Style kabla hujaburuta chochote, kisha mfundishe kijana mmoja wa kwaya yako. Nyimbo zetu zimeandikwa kwa jasho, na waimbaji wetu wanastahili kuzisoma bila kukodoa macho.