Kusoma Bei: Uhakiki wa Jarida la Matangazo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na sina ugomvi nayo. Lakini lipo jarida moja la Kimarekani ambalo kila nilipolifungua nilikuta kizuri na kibaya vikijitembeza pamoja, katika ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa uleule. Jarida hilo liliitwa Computer Shopper. Nakusudia kulihakiki hapa kama ambavyo ningehakiki riwaya au tamthilia, kwa kuwa naamini kwamba maandishi yanayomshawishi mtu atoe fedha zake yanahitaji msomaji makini kuliko hata yale yanayomshawishi atoe machozi.

Jarida lilianza mwaka 1979 katika mji wa Titusville, jimbo la Florida, ng'ambo ya kituo cha kurushia roketi cha Kennedy. Mwanzilishi wake, Glenn Patch, alikuwa tayari akichapisha gazeti la matangazo ya kamera, akauhamishia mtindo uleule kwenye kompyuta. Mwenye mashine asiyoihitaji aliandika mistari michache, akataja bei na simu yake, basi. Baadaye zikaja kampuni zilizouza kwa simu na kwa posta bila kuwa na duka, mfano wa ile aliyoianzisha Michael Dell mwaka 1984 alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Matangazo ya kampuni yakayafunika yale ya watu binafsi, na katika miaka ya 1990 toleo moja liliweza kuzidi kurasa 800, tena kurasa pana kama za gazeti.

Sifa yake ya kwanza nitaitaja bila kigugumizi: lilipanga bei bega kwa bega. Msomaji wa leo huenda asione ajabu yoyote. Lakini hapa Tanzania Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata masharti yalipolegezwa wauzaji walikuwa wachache, wengi wao Dar es Salaam. Bei ilikuwa siri ya muuzaji. Uliitwa ofisini, ukapewa soda, ukaandikiwa tarakimu kwenye karatasi. Ulilinganishe na nini? Jarida lile lilimpa mwalimu wa mkoani kitu cha kulinganishia.

Mimi nililipata mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akisoma Marekani alikuja likizo akanibebea matoleo mawili sandukuni. "Shikamoo Mwalimu," alisema, "nimekuletea kitabu kizito kuliko kamusi." Wakati huo chuo kilikuwa na akiba iliyotokana na shamba la mahindi na mabanda ya kuku, yaani jasho la wanachuo wenyewe, na bodi ilikuwa imekubali itumike kununulia kompyuta. Kwa hiyo sikulisoma jarida kwa kujifurahisha. Kila mstari niliousoma ulikuwa na magunia ya watu nyuma yake.

Sasa niseme kasoro zake. Lugha ya matangazo yale ilikuwa fupi mno, na mahali ilipokuwa fupi ndipo palipokuwa na gharama. Bei iliandikwa kwa wino mzito. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, ilielezwa kwamba monita haimo. Monita ikitajwa kuwa ya inchi 15, sehemu inayoonesha picha haikufika hata inchi 14, maana walipima mpaka kioo kilichofichwa ndani ya fremu. Na mashine iliyotumika iliuzwa "kama ilivyo". Maneno hayo mawili yana adabu, lakini maana yake ni kwamba ikifa njiani, msiba ni wako. Waswahili tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba matangazo yale yalikuwa ya uongo. Mengi yalisema kweli, ila hayakuwa yakituambia sisi. Kila maandishi yana msomaji ambaye mwandishi anamwona akilini, na msomaji wa tangazo lile alikaa Ohio au Texas. Umeme wake ulikuwa wa volti 120. Alikuwa na njia ya kuirudisha mashine mbovu kwa posta, na duka la vipuri mtaani kwake. Mwandishi hakuwa na sababu ya kumweleza mambo hayo. Nyuma ya kompyuta nyingi za wakati ule palikuwa na swichi ndogo yenye namba mbili, 115 na 230. Tangazo halikuitaja kamwe, kwa kuwa Mmarekani hakuwa na haja ya kuigusa. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilipokea mashine kutoka huko ikaichomeka ukutani swichi ikiwa kwenye 115. Ulisikika mlio mmoja, moshi ukatoka, na somo la kompyuta likaisha siku hiyohiyo.

Mhasibu wetu alikuja ofisini na jarida mkononi, kidole kimewekwa ukurasani. "Mkuu, hapa tunapata tano kwa bei tunayotajiwa Dar kwa mbili. Bodi itatuuliza." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani hesabu ya ukurasani ilikuwa sahihi. Tukakaa, tukaandika yale ambayo ukurasa haukuyasema: monita, meli, bima, ushuru, kutoa mzigo bandarini, gari la kuuleta chuoni, swichi, na fundi. Tulipomaliza kujumlisha, zile tano zilikuwa zimebaki mbili na nusu, tena hazina dhamana. Tukanunua mbili Dar es Salaam. Lakini tulikwenda na jarida kwapani, na muuzaji alipoliona alipunguza bei bila kuombwa mara ya pili. Mpaka leo naona hayo ndiyo matumizi bora kabisa ya matangazo yale kwa mtu aliye mbali nayo: yanamfaa kama mizani, hata pale yasipomfaa kama duka.

Baadaye nililiingiza darasani. Nilinakili matangazo matatu ubaoni, nikawataka walimu watarajiwa waandike maswali ambayo mnunuzi wa wilayani kwao angelazimika kuuliza. Waliosoma ushairi kwa miaka miwili bila kuuliza swali moja, siku hiyo walijaza kurasa. Niliona kwamba ufahamu hukua haraka pale msomaji anapojua kuwa akisoma vibaya atalipa.

Kasoro ya mwisho ni nzito zaidi, na naiona vizuri leo kuliko wakati ule. Katika kurasa zote hizo mashine ilinunuliwa, ikauzwa, ikauzwa tena, lakini haikufa. Hakuna tangazo lililotaja mahali pa kuipeleka ikishakufa. Zile monita nzito, ambazo kioo chake kina madini ya risasi, zimelala katika stoo za shule nyingi, na mwalimu wa stoo hana la kuzifanya. Aliyeuza kwa bei rahisi huko alijiondolea pia mzigo wa kuzitupa. Sehemu hiyo ya bei tunailipa sisi.

Computer Shopper iliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2009, baada ya matangazo kuhamia kwenye intaneti. Wajukuu zangu hununua simu za mtumba kwa kutazama picha kwenye simu nyingine, na maneno ni yaleyale: kama mpya, haina tatizo, bei maelewano. Huwauliza aliyeandika alikuwa akimwandikia nani, na ameacha kusema nini. Wao hucheka, wananiita mwalimu asiyestaafu. Kisha humpigia muuzaji wakamuuliza habari ya betri.